Walifungwa Pamoja, Wakaja Kufungana

Amka, ndugu yangu. Nakuandikia wewe uliyewahi kupanda hadi Kapenguria, ukaingia lile gereza la mkoloni lililogeuzwa makavazi, ukapigwa picha mlangoni mwa seli, ukanunua soda, ukateremka Kitale kabla mvua haijaanza. Nakuandikia pia wewe ambaye hujafika na huoni haja ya kufika, kwa sababu majina sita uliyakariri darasani, ukapewa alama zako, basi.

Jomo Kenyatta. Bildad Kaggia. Fred Kubai. Paul Ngei. Kung'u Karumba. Achieng Oneko. Hata usingizini unaweza kuyataja. Na kusema kweli, usingizini ndiko tunakoyatajia.

Nilifika pale siku ambayo basi la shule lilikuwa limetangulia. Watoto wamevaa sweta za kijani, madaftari mikononi, wanayanakili maandishi ya ukutani neno kwa neno. Wavulana wawili walikuwa wameshika nondo za mlango wa seli, wamekunja nyuso ili picha itoke ya huzuni. Wa tatu alijilaza sakafuni kuonja kitanda cha Mzee, akaruka upesi: saruji ya Kapenguria ni baridi hata mchana.

Mwalimu wao alikuwa kijana mchangamfu, na alisimulia vizuri. Hali ya hatari, kesi, hakimu, miaka saba na kazi ngumu. Sauti ilipanda, ikashuka, watoto wakatulia tuli. Alipofika pale ambapo wazee wanatoka kizuizini, akapiga makofi mawili.

"Wakaachiliwa, tukapata uhuru. Haya, laini moja, twendeni tukale."

Wakapanga laini, wakaenda kula.

Sijawahi kusikia historia ya nchi hii ikifupishwa vizuri namna hiyo, na mwenyewe hakujua alichokisema. Tukapata uhuru, twendeni tukale! Si ndivyo ilivyokuwa? Si ndivyo ilivyo hadi leo?

Simlaumu mwalimu. Anafundisha alichofundishwa. Wala silaumu makavazi. Yamefanya la kufanya, yamezihifadhi seli zile tangu 1993, na bila hayo pengine pangekuwa pameshajengwa maduka ya simu. Hasira yangu iko juu ya taifa zima lililokubali hadithi yake ikatwe katikati, tena ikatwe mahali penyewe panapouma.

Hebu tuanze na sehemu tunayoipenda.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia saini hali ya hatari. Usiku huo magari ya polisi yakazunguka yakikusanya watu vitandani. Kenyatta akasafirishwa hadi Lokitaung, kule Turkana. Mwezi uliofuata yeye na wenzake watano wakaletwa Kapenguria kushtakiwa kwamba wao ndio wanaoongoza harakati za Mau Mau. Kwa nini Kapenguria? Kwa sababu reli haikufika, hoteli haikuwepo, na mgeni hakuruhusiwa kuingia wilayani bila kibali. Mawakili walilazimika kulala Kitale na kula vumbi la barabara kila siku ya kesi. Mkoloni alikuwa anatafuta maficho, akayapa jina la mahakama.

Sasa sikiliza ujanja wake. Ili hakimu wa pale awe na mamlaka juu yao, ilibidi ionekane wamekamatiwa palepale. Basi wakaletwa, wakaambiwa wako huru, na kabla hawajageuka wakakamatwa upya. Huru kwa dakika, wafungwa kwa miaka.

Umecheka? Usicheke. Hujawahi kumwona kijana akipewa dhamana, akatoka mlangoni mwa mahakama, na kabla hajamfikia mamake askari kanzu wakamdaka na kumtia garini kwa kosa jipya? Ulidhani mbinu hiyo ilibuniwa juzi?

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu. Kwa kazi ile alitengewa pauni 20,000. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo. Mwaka 1958 Macharia huyohuyo akaapa kwa maandishi kwamba alinunuliwa, kwamba aliahidiwa nauli na masomo Uingereza. Serikali ikafanyaje? Ikamfunga. Haikumfunga kwa alichokisema kizimbani Kapenguria. Ilimfunga kwa kusema baadaye kwamba kilikuwa uongo. Mpaka hapo bado unashangaa kwa nini mashahidi wa nchi hii wana tabia ya kubadilisha maelezo?

Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita wakahukumiwa. Oneko akakata rufaa, na 1954 akashinda. Mahakama ikamwachilia, serikali haikumwachilia. Akahamishwa kizuizi hadi kizuizi mpaka 1961, mtu ambaye sheria ya wenye gereza wenyewe ilikuwa imesema hana hatia.

Hapo ndipo tunapogonga meza. Mkoloni nyoka! Mkoloni mnyama! Ni kweli, na sitamtetea hata kwa nukta. Lakini ndugu yangu, kumchukia mkoloni ni kazi rahisi. Ameshakwenda zake. Hawezi kukutumia watu usiku. Hawezi kukunyima tenda. Ujasiri wa kumtukana aliyeondoka kila mtu anao.

Nataka tusome ukurasa unaofuata. Ule ambao wakati wa kuufungua ukifika, mtu hupiga makofi akasema twendeni tukale.

Kule Lokitaung, baada ya hukumu, wafungwa wa Kapenguria walipewa kazi ngumu juani. Kenyatta alikuwa mtu mzima kuwapita, kwa hiyo akapewa jiko. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wao. Fikiria jambo hilo polepole: Kaggia alikula chakula kilichopikwa na mikono ya Kenyatta, jela, siku nenda siku rudi.

Uhuru ukaja. Mpishi akawa rais. Kaggia akapewa wadhifa mdogo serikalini, akasumbua. Alikuwa akisema jambo moja tu, lilelile alilofungiwa: ardhi iliyoporwa irudishwe kwa waliopigania na kwa wasio nayo, bila kuwauzia upya. Mwaka 1964 wadhifa ukamtoka.

Aprili 1965, Kandara, mbele ya halaiki, Rais akamgeukia. Akamkumbusha kwamba walikuwa jela pamoja. Akataja wenzao: huyu ana kahawa, yule ana nyumba kubwa, yule ana mabasi. Kisha akamuuliza Kaggia, yeye amejifanyia nini?

Soma tena swali hilo. Mtu anasema watu hawana ardhi, anajibiwa kwa nini hajajichukulia yake. Mbele ya umati! Naapa, kama ningeulizwa nchi hii ilipotea lini, nisingetaja uchaguzi wowote. Ningetaja alasiri ile ya Kandara, na nisingemtaja Rais peke yake, ningewataja na waliosikiliza.

Mwaka 1966 Bunge la Kenya huru likapitisha sheria ya kumwezesha Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Wabunge waliokaa pale, baadhi yao makovu ya pingu yalikuwa hayajapotea mikononi. Wakainua mikono hiyohiyo, wakapitisha.

Mwaka 1968 Kaggia, aliyekuwa amehamia chama cha upinzani cha KPU, akafungwa jela. Kosa? Mkutano usio na kibali. Baring angefurahi.

Oktoba 1969 Rais alikwenda Kisumu kufungua hospitali, kukazuka fujo, walinzi wakafyatua risasi kwenye umati, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku. Viongozi wake wakazolewa. Mmoja wao alikuwa nani? Achieng Oneko. Oneko wa Kapenguria. Oneko aliyekuwa waziri katika baraza la kwanza la mawaziri. Mwingereza alimfungia tangu 1952 hadi 1961. Mwenzake wa seli za Kapenguria akamfungia tangu 1969 hadi 1975.

Nirudie, maana najua umelala: mmoja wa wale sita, alipopata ufunguo, aliwafunga wawili kati ya wale sita.

Je, watoto wa sweta za kijani waliambiwa? Wewe uliambiwa? Mwanao ameambiwa?

Na ili usidhani Mzee alikuwa mkali kwa kila mtu, mtazame Ngei. Mwaka 1975 mahakama ilimpata na kosa la uchaguzi, akapoteza kiti na haki ya kugombea. Basi katiba ikarekebishwa, naam, katiba ya nchi, ili Rais aweze kumsamehe mtu wa namna hiyo, na Ngei akasamehewa. Mwaka uleule Oneko ndiyo kwanza anatoka kizuizini. Wafungwa wawili wa gereza moja: mmoja anabadilishiwa katiba, mwingine anabadilishiwa seli. Mwaka uleule tena, mwezi wa Machi, maiti ya mbunge J. M. Kariuki ilipatikana Ngong. JM alikuwa amezungushwa kambi nyingi za mkoloni, Manyani ikiwamo, akatoka hai, akaandika kitabu juu ya kambi hizo. Kambi za Waingereza hazikumuua.

Wahenga hawakukosea: fimbo iliyompiga mke mkubwa ndiyo itakayompiga mke mdogo. Sisi tulidhani fimbo imezikwa pamoja na bendera ya Malkia. Kumbe tulikuwa mpangaji aliyemfukuza mwenye nyumba mbaya, akahamia chumba chake, na mwisho wa mwezi akapita mlango kwa mlango kudai kodi ileile.

Nani alilipa kodi hiyo? Alilipa kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliyeuliza tu kwa kijikaratasi "Kenya: Twendapi?" Jibu akalipata 1969: miaka mitatu gerezani. Kule Kamiti akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa 1973, yakaitwa Sauti ya Dhiki. Na 1974 yakatunukiwa tuzo. Tuzo gani? Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta! Sikutungii, ndugu yangu. Serikali ya mtu inakufungia maneno yako, kisha tuzo yenye jina lake inayasifu maneno uliyoyaandikia huko ndani. Tumekisoma kitabu hicho shuleni, tumechambua vina na mizani, tumetafuta tamathali. Wangapi tuliuliza kwa nini mshairi hakupewa karatasi ya kawaida?

Alilipa mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingizwa Kamiti mwisho wa 1977 kwa sababu ya mchezo wa kuigiza wa wanakijiji. Walilipa wabunge kina George Anyona. Kisha Mzee akafa 1978, akaja mwingine, akawafungulia waliokuwamo kwa shangwe, tukashangilia, na miaka haikupita mingi jela zikajaa tena.

Hapo ndipo tunapofika Nairobi, Nyayo House.

Unaijua Nyayo House. Umepanga foleni pale ukitafuta pasipoti. Umesimama na bahasha yako ya vyeti, umechoka, unatazama saa, unamlalamikia jirani kwamba laini haisogei. Chini ya nyayo zako, ndugu yangu, katika orofa ya chini ya ardhi, kuna vyumba vya giza vilivyojengwa makusudi. Miaka ya 80 walimu, wanafunzi wa chuo kikuu, mawakili, wakulima, waliosingiziwa au kutosingiziwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, waliteremshwa humo. Walifungiwa uchi. Sakafu ikajazwa maji, mtu akasimama majini siku kwa siku mpaka ngozi ya miguu ikaanza kuoza. Wakapandishwa juu kuhojiwa, wakapigwa kwa miguu ya viti na mipira, wakarudishwa majini. Ofisi zilikuwa zikifanya kazi kama kawaida. Karani alikuwa akigonga muhuri. Lifti ilikuwa ikipanda na kushuka.

Mapema 2003, serikali ikiwa mpya na sisi tukiwa tumelewa matumaini, milango ile ilifunguliwa. Walioteswa wakaingia na waandishi wa habari, wakaonyesha: hapa nililala, hapa nilipigwa, damu yangu ilikuwa kwenye ukuta huu. Tukalia. Ikasemwa patahifadhiwa pawe kumbukumbu ya taifa.

Hadi ninapoandika, pale si makavazi. Hakuna basi la shule linalopanga laini pale. Mwanao atafika Nyayo House siku atakayotaka pasipoti ya kukimbilia Qatar, na hataambiwa kitu.

Unaona mpangilio huo? Gereza la Mwingereza tumeliwekea maandishi ukutani. Gereza letu wenyewe tumeliwekea kufuli juu na dawati la huduma kwa wateja mbele yake. Nyani haoni kundule, lakini huyu wetu amekwenda mbali zaidi: ameajiri mlinzi wa kulificha.

Najua utakachosema. Nimekisikia kwenye matatu, nimekisikia kanisani na msikitini, nimekisikia kwa wanasiasa kila wakibanwa. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Yaliyopita kwa nani? Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Akazikwa humohumo ndani, mahali pasipo alama, pamoja na wengine wengi, maana Waingereza waliwanyonga zaidi ya watu 1,000 katika miaka ile. Sawa, huyo ni Mwingereza. Lakini ufunguo wa Kamiti tangu 1963 uko kwa nani? Sanamu ya shaba tumemsimamishia barabarani 2007, tunapigia picha. Mifupa hatujampa mkewe. Mukami Kimathi aliomba serikali zote, moja baada ya nyingine, kwa miaka sitini. Akafa Mei 2023 bila kumzika mumewe. Mwambie huyo kwamba yaliyopita si ndwele.

Tena yaliyopita yapi, ikiwa hayajapita? Ukisafiri Mombasa kwa Krismasi, basi linapita Manyani. Kambi ile iliyowafungia maelfu wakati wa hali ya hatari bado ni gereza, kwa jina lilelile. Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 askari waliwapiga wafungwa 11 mpaka kufa na serikali ikadai kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji, bado ina gereza. Kambi za kazi za Nyeri kama Mweru na Aguthi zikageuzwa shule za bweni. Watoto wamesoma aljebra penye seli. Hata Sheria yetu ya Magereza ilitungwa 1962, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Kanuni ya Adhabu ni ya 1930. Ya 1930, ndugu yangu! Babu yako alikamatwa kwa kanuni hiyo, na wewe ukizubaa utakamatwa kwa kanuni hiyo.

Kisha ikafika Juni 2024. Vijana wakaingia barabarani kuandamana, simu mkononi, chupa ya maji mkononi. Baada yake wakaanza kutoweka. Magari yasiyo na nambari za kweli, wanaume waliofunika nyuso, mtu anachukuliwa kwenye kinyozi, anachukuliwa mlangoni kwake. Wengine wakarudi baada ya wiki, wamekonda, hawataki kusema walikuwa wapi. Wengine hawakurudi. Nchi nzima ikashika tama: Haya yametoka wapi? Sisi si watu wa hivi!

Si watu wa hivi? Tangu lini?

Yametoka palepale tulipokataa kusoma. Mtekaji hafanyi kazi gizani kwa sababu ni shujaa. Anafanya kwa sababu anajua hakuna ukuta katika nchi hii ulioandikwa jina la aliyemtangulia. Nani aliyewatesa watu Nyayo House akalala ndani hata usiku mmoja? Wahanga walishtaki, mahakama zikaamuru walipwe, na fidia ikikubalika kulipwa inatoka wapi? Mfukoni mwako. Unalipa ushuru kununua rungu, unalipa tena kumtibu aliyepigwa, na mwenye mkono uliopiga anapokea pensheni, ambayo pia unailipa wewe.

Tarehe 21 Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais. Mabuku kwa mabuku. Tangu 1963 na kuendelea: nani aliuawa, nani alizuiliwa, nani alinyang'anywa shamba. Ikapelekwa Bungeni, na huko imelala mpaka leo bila kupitishwa itekelezwe. Wewe umewahi kumuuliza mbunge wako juu yake? Umemuuliza kuhusu basari, umemuuliza kuhusu transfoma, umemuomba mchango wa harusi. Mwaka huohuo wa 2013, ile serikali ya Uingereza tunayoilaani, baada ya kuburutwa mahakamani na wazee wenye bakora, ilikubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9 na kusema inasikitika. Ni kidogo, tena walichelewa, na walikuwa wameficha nyaraka kwa nusu karne. Lakini nitajie mara moja tu ambapo serikali zetu zilisukumwa kiasi hicho na sisi. Wazee wa Mau Mau, wengine hawajui kusoma, waliishinda serikali ya Malkia mjini London. Sisi wenye digrii na vifurushi vya intaneti tumeshindwa kumwamsha mbunge mmoja kutoka kwenye kiti chake.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tunamtazama mwenzetu akinyolewa, tunamrekodi, tunaituma kwenye kundi la familia, tunaweka kiemoji cha kulia.

Usinielewe vibaya: nenda Kapenguria. Mpeleke mwanao. Mwonyeshe seli, mwache ajilaze sakafuni aonje baridi. Ila mkifika kwenye picha ya Oneko, msimamishe. Mwambie huyu alishinda rufaa akafungwa bado. Kisha mwambie na aliyemfunga mara ya pili. Mkifika kwa Kaggia, mweleze kuhusu kahawa na mabasi ya Kandara. Mtoto atakuuliza, "Sasa Kenyatta alikuwa mzuri au mbaya?" Usimjibu haraka. Mwambie alipika chakula cha wenzake jela, na mwambie alichowafanyia baadaye. Watoto wanaweza kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Ni sisi watu wazima tulioshindwa.

Na kwa wenye ufunguo nina haja chache, wala si za kuombwa kwa magoti. Pale penye picha ya Oneko paandikwe miaka yake yote ya kifungo, ya Mwingereza na ya kwetu, kwa herufi za ukubwa mmoja. Chini ya Nyayo House pafunguliwe kwa umma, siku zote za kazi, saa zilezile za pasipoti, ili anayengoja zamu yake juu aweze kuteremka akaone. Kamiti pachimbwe mpaka Kimathi apatikane. Ripoti ya 2013 isomwe Bungeni kwa sauti, hata ikichukua mwaka mzima, maana vikao vya kujiongezea marupurupu havijawahi kukosa muda.

Wasituambie hakuna pesa. Ule mnara wa Uhuru Park wa kuwakumbuka walioteswa wakati wa hali ya hatari, uliozinduliwa Septemba 2015, ulilipiwa na serikali ya Uingereza. Mtesaji alijenga kumbukumbu ya aliowatesa, nasi tukahudhuria tukipiga makofi. Haya basi: mnara wa waliotumbukizwa majini Nyayo House, wa JM, wa Oneko wa mara ya pili, tunamngoja nani aje aulipie? London?